SINDANO YA MGONGO: MAMA ANAYEZAA AIOGOPE?



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya Jumapili, nilikuwa nimekaa ofisini mwa parokia nikiandika majina ya waliobatizwa. Dirisha lilikuwa wazi, na nje, chini ya mwembe, akina mama walikuwa wakingoja watoto wao watoke mafundishoni. Nikamsikia mmoja akisema, "Kuzaa hospitali mimi sikatai. Lakini ile sindano ya mgongo, hapana. Ukichomwa ile, jembe umeliaga." Wa pili akaitikia, "Dada yangu alichomwa, na hata leo akiinama kupalilia analia mgongo." Wa tatu akamalizia kwa sauti ya chini, "Tena wengine hupooza." Wote wakanyamaza, kama watu walio msibani.

Nikaweka kalamu chini. Maneno hayo hayakuwa mageni kwangu. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena mahali pabaya na kwa saa mbaya, na nusura yaniondolee mtoto, labda na mama yake pia. Kwa hiyo leo naomba ruhusa ya kusema, ijapokuwa mimi ni mwanamume, na wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

SAA MBILI NILIZOPOTEZA

Ilikuwa uzazi wetu wa pili. Uchungu ulimwanza mke wangu jioni, na kulipopambazuka mkunga wa zahanati akaona mtoto hashuki. Akatuandikia barua, tukapata gari, tukafika hospitali. Daktari akampima, akasema lazima apasuliwe, na kwamba atatiwa ganzi kwa sindano ya mgongoni.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "usikubali wamchome mgongo. Utamlisha kitandani mpaka mwisho wa maisha yake." Basi mimi niliyesoma chuo cha ualimu, ambaye watu huniita Mwalimu hata leo na kuniletea barua zao niwasomee, sikuwa na jibu hata moja. Nikamwomba daktari ampe nusukaputi, alale usingizi kabisa. Akanieleza kwamba mke wangu alikuwa amekunywa uji alfajiri, na kumlaza usingizi mama mwenye mimba na tumbo lililojaa kuna hatari kubwa zaidi. Sikumwamini. Nikatoka nje kupiga simu: kwa kaka yangu, kwa shemeji, kwa rafiki. Kila mmoja alikuwa na habari ya mtu aliyepooza, wala hakuna aliyekuwa amemwona mtu huyo kwa macho yake.

Saa mbili zikapita hivyo. Mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Mwishowe ni mke wangu aliyesema, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema tangu mwanzo: "Waache wafanye kazi yao. Mtoto anachoka." Akakaa akainamisha mgongo, akachomwa, na baada ya muda mfupi mtoto akatoka, kimya, bila kulia. Wauguzi wakampulizia hewa kwa kifuko kidogo. Dakika zile sitazisahau. Ndipo akalia.

Leo mtoto huyo yuko shule ya chekechea, na mama yake analima. Silaumu hospitali yo yote; kosa lilikuwa langu. Sasa mke wangu ana mimba tena, naye juzi akaniuliza, "Safari hii nikiambiwa sindano ya mgongo, utatoka nje tena kupiga simu?" Nikaona aibu. Nikaenda kuuliza wanaojua, nikasoma, na niliyoyapata ndiyo ninayowaletea.

SINDANO MBILI, SI MOJA

Kwanza tujue kwamba sindano za mgongo ni mbili, nazo ni ndugu.

Uti wa mgongo una pingili za mfupa, na ndani yake hupita kamba ya neva itokayo kwenye ubongo. Kamba hiyo huelea katika maji safi, ndani ya mfuko wa utando. Sindano ya kwanza hupenya utando huo na kutia dawa ya ganzi katika yale maji, mara moja tu. Hufanya kazi upesi, na ganzi yake hudumu kiasi cha saa moja na nusu hadi saa tatu. Hiyo ndiyo itumikayo sana katika hospitali zetu kwa mama anayepasuliwa, na ndiyo aliyochomwa mke wangu.

Sindano ya pili huitwa epidurali. Haipenyi utando; huishia nje yake. Mtaalamu hupitisha humo mrija mwembamba sana, huondoa sindano, na mrija hubaki umebandikwa mgongoni. Kwa njia ya mrija huo dawa hutiwa kidogo kidogo, saa kwa saa, mpaka mtoto azaliwe. Mama yu macho, anaongea, anahisi tumbo likikaza, lakini makali ya uchungu yamepungua. Na ikilazimu kumpasua, mara nyingi dawa huongezwa katika mrija ule ule.

Na je, sindano haiwezi kuikata ile kamba ya neva? Hapa nilijifunza jambo lililonituliza moyo. Kwa mtu mzima kamba yenyewe huishia juu, karibu na pingili za kwanza za kiuno. Chini ya hapo zimebaki nyuzi za neva tu, zilizotawanyika majini kama mkia wa farasi. Sindano huchomwa huko chini, na nyuzi zile kwa kawaida husogea pembeni zikiguswa.

ILITOKA WAPI?

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1847 huko Edinburgh, nchini Uskoti, daktari James Young Simpson alianza kuwapa akina mama wanaozaa dawa za kuvuta puani, kwanza etha na baadaye klorofomu. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza mwenyewe alivuta klorofomu alipomzaa mwanawe Leopold, akihudumiwa na daktari John Snow. Lakini dawa hizo zilimlewesha mama, na zikizidi zilihatarisha maisha yake na ya mtoto.

Mwaka 1921 daktari wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés, alieleza namna ya kutia ganzi nje ya ule utando. Alikufa mwaka 1923 katika ajali ya gari, kabla kazi yake haijajulikana duniani. Mwaka 1947 daktari Manuel Martínez Curbelo wa Havana, Kuba, alitumia mrija mwembamba uliobaki mgongoni ili dawa iongezwe bila kuchoma tena. Tangu hapo mamilioni ya akina mama duniani wamezaa kwa epidurali.

HOFU YA KUPOOZA

Wasomaji, hofu hii haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1947 nchini Uingereza, wanaume wawili waliopasuliwa siku moja katika hospitali moja walichomwa sindano ya mgongo, nao wote wawili wakapooza miguu. Habari ikaenea, na kwa miaka mingi madaktari wengi wa huko wakaiacha sindano hiyo. Kesi ilipoamuliwa mwaka 1954, maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba chupa za dawa zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya dawa ya kuulia vijidudu, nayo ikapenya kwa nyufa zisizoonekana. Wengine baadaye wamesema ilikuwa tindikali iliyobaki katika chombo cha kuchemshia sindano. Kwa vyo vyote, kilichowapooza ni sumu iliyoingia pasipo mtu kujua. Siku hizi chupa huja zimesafishwa kiwandani, na sindano hutumika kwa mtu mmoja kisha hutupwa.

Basi leo hatari ni kiasi gani? Madaktari wa Uingereza huwaeleza akina mama hivi: madhara makubwa, pamoja na kupooza, humpata mama mmoja hivi kati ya 250,000. Jipu ndani ya mgongo, mmoja kati ya 50,000. Neva kuumia kwa muda, kama vile kufa ganzi mahali fulani pa mguu, mmoja kati ya 1,000, na wengi wao hupona kwa siku au majuma. Nisifiche jambo: hesabu hizo ni za hospitali zenye wataalamu na vifaa safi. Usalama wa sindano hii unategemea mkono wa aliyefundishwa na mahali palipo safi.

Na maumivu ya mgongo ya miaka mingi? Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 40, yenye akina mama zaidi ya 11,000. Hawakuona kwamba waliopata epidurali wanaumwa mgongo kwa muda mrefu kuliko wenzao. Mahali palipochomwa huuma siku chache, kama panavyouma po pote palipochomwa sindano. Lakini mimba yenyewe hulegeza viungo vya nyonga na kuuvuta mgongo. Kisha mama akijifungua huchukua mtoto, ndoo ya maji na mzigo wa kuni. Tukimwona anaumwa, twaikumbuka sindano na kuisahau ndoo.

MADHARA YALIYO YA KWELI

Hata hivyo, asiwadanganye mtu kwamba sindano hii haina madhara kabisa.

Presha ya damu yaweza kushuka. Kwa sababu hiyo mama hutundikiwa maji ya mshipa, na presha yake na mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa mara kwa mara. Miguu hulegea kwa muda, hivyo asisimame peke yake. Huenda akashindwa kukojoa mpaka atolewe mkojo kwa mpira. Huenda akawashwa ngozi au akapata homa. Hatua ya kusukuma mtoto yaweza kurefuka. Tena kwa mama mmoja kati ya wanane hivi, epidurali haipunguzi uchungu vya kutosha, nayo hulazimu kurekebishwa au kutafutiwa njia nyingine.

Lipo pia lile la kichwa. Kwa mama mmoja hivi kati ya 100 sindano ya epidurali hutoboa utando bila kukusudiwa, maji huvuja, na kichwa huuma sana akikaa au akisimama, kikipoa akilala. Maumivu hayo yana dawa. Yasipokwisha, daktari aweza kuchukua damu kidogo ya mama mwenyewe mkononi na kuitia mgongoni ili izibe kile kitundu.

Wapo wasiofaa kuchomwa kabisa: ambaye damu yake haigandi vizuri au anatumia dawa za kuzuia damu isigande, mwenye kidonda au usaha pale pa kuchoma, aliyepoteza damu nyingi ambayo haijarudishwa, na yule anayekataa. Kwa hiyo mtaalamu akikuuliza maswali mengi, mjibu yote kwa kweli.

Na mtoto je? Uchunguzi ule wa mwaka 2018 haukuona kwamba watoto wa mama waliopata epidurali huzaliwa dhaifu kuliko wengine, wala haukuona kwamba epidurali huongeza kupasuliwa. Hatari kwa mtoto hutokea presha ya mama ikishuka na kuachwa bila kuangaliwa.

Kuhusu nusukaputi, niliyoikimbilia mimi kwa ujinga, jarida la madaktari liitwalo Lancet Global Health lilitangaza mwaka 2016 uchunguzi wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Miongoni mwa akina mama waliolazwa usingizi kabisa, uwezekano wa kufa ulikuwa kama mara tatu kuliko waliotiwa ganzi ya mgongo. Ni kweli kwamba mara nyingi walio hoi zaidi ndio hulazwa usingizi, na wakati mwingine hakuna njia ila hiyo. Lakini kuomba nusukaputi kwa kuogopa sindano ya mgongo ni kukimbia mvua na kujitupa mtoni.

JE, NI DHAMBI KUPUNGUZA UCHUNGU?

Bibi mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Mungu si alimwambia Eva atazaa kwa uchungu? Anayekimbia uchungu si anamkimbia Mungu?" Ni swali la mtu mwenye imani, nalo lastahili jibu.

Tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na madaktari juu ya kuzaa bila uchungu. Alifundisha kwamba maneno yale ya Kitabu cha Mwanzo hayamkatazi mwanadamu kutafuta njia njema za kupunguza maumivu ya uzazi. Katika sura hiyo hiyo Adamu aliambiwa atakula kwa jasho. Lakini nani aliyewahi kumwambia mkulima kwamba kulima kwa ng'ombe ni dhambi? Tena tarehe 24 Februari 1957, akijibu maswali ya madaktari wa dawa za usingizi na ganzi, alieleza kwamba Mkristo halazimiki kukataa dawa za kuondoa maumivu.

Basi mama apendaye kuvumilia na kumtolea Mungu maumivu yake afanya vema, wala asichekwe. Na mama aombaye dawa afanya vema, wala asidharauliwe. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Yohane, alimtaja mama mwenye utungu na furaha yake mtoto akiisha kuzaliwa. Hakusema kwamba furaha hiyo ni ya waliolia zaidi.

SISI WA VIJIJINI

Tuseme kweli: epidurali ya kupunguza uchungu haipatikani zahanati, wala kwa kawaida hospitali ya wilaya. Yahitaji mtaalamu wa ganzi akae karibu saa zote, na wataalamu hao ni wachache. Ipo zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Je, sisi tumeandikiwa kulia tu?

La. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo mwaka 2018 juu ya mama anayezaa. Lilitaja epidurali kwa mama mwenye afya anayeiomba, na dawa nyingine za sindano za kupunguza maumivu, lakini pia mambo yasiyo na gharama: kusuguliwa mgongo, kukandwa kwa kitambaa cha moto, kupumua polepole, kutembea na kukaa atakavyo badala ya kulazwa chali, na kuwa na mtu wa kumfariji amtakaye mwenyewe. Hilo la mwisho lilichunguzwa na Cochrane mwaka 2017 katika nchi 17, kwa akina mama zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwafariji mfululizo walipasuliwa kwa uchache zaidi na walihitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi. Bibi zetu waliokaa nyuma ya mzazi wakimshika kiuno hawakuwa wajinga.

Lakini dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu tuziache. Hakuna ajuaye kipimo chake, na tumbo likikaza kupita kiasi mfuko wa uzazi waweza kupasuka.

TUFANYE NINI?

Nilimweleza haya yote mkunga wa zahanati yetu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, haya ungeniuliza kliniki, si mlangoni pa chumba cha upasuaji." Ameniagiza niwape maneno haya:

Baba, nenda kliniki na mkeo walau mara moja, muulize pamoja juu ya sindano, upasuaji na mahali pa kuzalia. Wekeni akiba ya nauli mapema.

Mama uliyewahi kupasuliwa, usizalie nyumbani wala zahanati. Kovu laweza kufumuka. Kazalie hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Wakati wa kuchomwa, kunja mgongo kama paka na utulie. Uchungu ukija, mwambie mtaalamu, naye atangoja. Sema pia kama umekula au umekunywa.

Ukiisha kurudi nyumbani, ukiona homa, shingo kukaza, kichwa kisichopoa, usaha au maumivu makali pale ulipochomwa, miguu kulegea tena, au kushindwa kukojoa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na sisi tulio nje ya mlango, mama wakwe, mashemeji na waume, tusimjaze mzazi hofu tusiyoweza kuithibitisha. Mwenye mwili ni yeye, na neno la kukubali ni lake.

Katika ofisi yangu madaftari mawili yamekaa rafu moja: la ubatizo na la mazishi. Ni mimi ninayeyaandika yote mawili. Jina la mwanangu wa pili liko katika lile la kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na kila nikilifungua ukurasa ule najua kwamba kwa saa mbili nililikaribia lile lingine. Mke wangu akifika siku zake, nimemwahidi kwamba simu yangu itabaki mfukoni.

Karani wa Parokia